Makao ya wazee nilikompeleka baba: dawa ya saa kumi

Vyumba na bustani sitaeleza, picha zao mtaziona wenyewe. Bustani kweli ni nzuri. Shida yangu ni saa kumi jioni.

Baba ana Alzheimer, ule ugonjwa wa uzeeni unaokula kumbukumbu. Zamani alikagua tiketi kwenye treni ya usiku ya Mombasa, ile iliyokuwa ikiondoka jioni, kwa hiyo jua likianza kushuka anatafuta kofia, treni inamwacha. Wenye mgonjwa wa namna hii wanaijua saa hiyo: mchana kutwa ametulia, jioni akili inavurugika, anataka kwenda nyumbani hata akiwa nyumbani. Niliwaeleza haya yote siku ya kumwandikisha. Wakaitikia kwa vichwa, wakaandika.

Sasa juzijuzi nikapita bila kupiga simu. Jua bado kali, baba amelala chali, mate yamemkaukia shavuni. Namwita, wapi! Mhudumu ananiambia, "Amepewa ya kutuliza." Kutuliza nini, na hajaanza hata kusumbua? Kumbe hupewa kila siku, mapema, ili zamu ya jioni ipumzike. Haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Hakuna aliyeniuliza, hakuna karatasi niliyotia sahihi. Dawa mpya za kundi hilo ziliwekewa onyo na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2005, na za zamani kama hiyo zikafuata 2008: kwa wazee wenye dimenshia, yaani akili na kumbukumbu kudhoofika kama kwa baba, zinaongeza hatari ya kufa. Sisemi zisitumike kamwe. Kuna siku daktari ataona hakuna njia nyingine, kwa dozi ndogo, kwa muda. Lakini si kugawa kama chai ya saa kumi!

Nikaenda kwa matroni. Hakuinua macho kwenye simu yake. Nikamwambia nimekuja kuongea na mzee wangu na nimemkuta hivi. Akanijibu, "Kwani mngeongea, kesho angekumbuka ulikuja?"

Nikakosa neno. Mimi, nisiyejulikana kwa kunyamaza! Majibu yananijia sasa, usiku, tena makali, na hayana kazi tena.

Kwa hiyo msipeleke mtu pale. Ndivyo nilivyotaka kumaliza.

Ila kuna bawabu. Kijana tu wa getini, hajasomea uuguzi, na mshahara wake sitaki hata kuukisia. Tangu daktari wa baba aipunguze ile dawa mpaka ikaisha, jioni mzee hushuka getini kutafuta treni. Kijana hambishii. Hamwambii kwamba treni hiyo haipo tena. Humpa risiti kuukuu, baba anazikagua moja moja, anazichana pembeni, anamrudishia. "Tumechelewa?" "Bado, mzee, kaa." Baadaye anakubali mwenyewe kwenda kula. Hiyo ndiyo kazi niliyodhani nailipia, na bei yao si mchezo.

Dada yangu anataka tumhamishe hata kesho. Mimi nasita, maana kuhamahama nako humvuruga mtu wa hali hii, na huko aendako nani atampa risiti?

Ukienda kuwaangalia, usikubali miadi ya asubuhi. Nenda jioni, uulize nani anatoa dawa na nani aliyeiandika. Nyota moja. Haya, mbili, na zote ni za bawabu. Siku wakimfukuza nitarudi kuzifuta.