Tathmini ya float: kwa kazi yake ya asili, bado haina mpinzani

Katika miaka yangu ya kutengeneza kurasa za wavuti, amri ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa hizo) niliyoitumia vibaya kuliko zote ni "float". Ilikuwemo katika toleo la kwanza la CSS, lililopitishwa Desemba 1996, na ilikusudiwa kuisogeza picha kushoto au kulia ili maandishi yapite kando yake kama gazetini. Baadaye sisi watengenezaji tuliigeuza punda wa kila mzigo, tukapangia safu, menyu na hata kurasa nzima, kisha ilipoelemewa tukailaumu yenyewe. Kazi hiyo sasa ina wenyewe, flexbox na grid, mbinu za CSS zilizoundwa kwa ajili ya kupanga kurasa, kwa hiyo hapa naipima float kwa ile iliyoundiwa.

Ukiiweka picha kushoto kwa float, aya hujipanga kando yake na kurudia upana wake kamili pale picha inapoishia. Utamu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye "shape-outside", amri inayoyaambia maandishi yafuate umbo gani yanapokizunguka kitu kinachoelea. Nilikuwa na picha ya uso niliyoikata duara kwa "border-radius": jicho liliona duara, lakini maandishi yaliendelea kuziheshimu pembe nne ambazo hazikuonekana tena, yakaacha mapengo. Nilipoandika "shape-outside: circle(50%) border-box", ili duara lipimwe kwenye picha yenyewe bila pambizo zake, mistari ya juu na ya chini ilisogea ndani na ile ya katikati ikasukumwa nje, ikiufuata mviringo. Nafasi ya kupumua niliiongeza kwa "shape-margin", ambayo haivuki mpaka wa pambizo ya kawaida, hivyo zote mbili zinahitajika. "Shape-outside" haifanyi lolote kwa kitu kisichoelea, na hapo ndipo float inapojipatia heshima yake upya.

Kasoro zake ni za kale. Kisanduku kilichobeba picha inayoelea pekee husinyaa kana kwamba hakina kitu. Dawa yake ni "display: flow-root", iliyotupumzisha na hila nyingi za zamani. Kichwa cha sehemu inayofuata nacho huweza kubanwa kando ya picha usipokipa "clear", amri ya kukishusha chini ya picha. Kwa kitu kilichomo moja kwa moja ndani ya kisanduku cha flexbox, float hupuuzwa kimyakimya, bila onyo lolote, na jambo hilo lilinipotezea jioni nzima.

Kwenye simu ni bora kuiondoa kabisa. Skrini ya pikseli 360 yenye picha ya pikseli 200 huyaachia maandishi kichochoro cha maneno mawili matatu kwa mstari, na hakuna msomaji anayestahili adhabu hiyo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu inajua kushoto na kulia tu: kuiweka picha katikati ya aya na maandishi yakapita pande zote mbili, haiwezi.