Santuri ya The Smile: muziki mtamu, muuzaji mchungu

Nianze na muuzaji, maana ndiye aliyenichafua roho. Niliagiza kwake A Light for Attracting Attention, albamu ya kwanza ya bendi ya The Smile, ile ya 2022. Ilifika imefungwa vizuri. Kufika wimbo wa Thin Thing, sindano ikanasa: tik, inarudi nyuma, tik, inarudi nyuma, mpaka uinuke uisogeze kwa kidole. Nikaiinamisha sahani kwenye mwanga, nikauona mkwaruzo umekatiza mifereji. Nikapiga picha, nikamtumia. Jibu lake: “Ndugu mteja, hiyo bendi ndivyo inavyopiga.”

Ndivyo inavyopiga! Najua gitaa la Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa bendi, kwenye wimbo ule limejaa mwangwi unaojirudia. Lakini mwangwi wake unakwenda mbele. Huu wangu ulizunguka palepale kama ngamia wa kinu. Nikamwambia hivyo, kwa adabu kabisa. Akanijibu eti mashabiki wa Radiohead, ile bendi nyingine ya Greenwood, tuna makuu.

Basi hasira ikahamia kwa bendi. Waimbaji nini, wapigaji nini: mwimbaji Thom Yorke na Greenwood ni walewale wa Radiohead, mtayarishaji ni Nigel Godrich yuleyule, na wimbo wa Skrting on the Surface uliomo humu, Radiohead walishaupiga jukwaani 2012. Huo wanaouita mradi wa pembeni uko pembeni ya nini? Nikajiona nimeuziwa Radiohead kwa jina jingine, tena yenye mkwaruzo. Nyota moja, na hiyo ni ya kasha.

Halafu nikaweka ile sahani nyingine ya albamu hiyohiyo, nzima. Besi ya wimbo wa The Smoke ikaingia, na mpiga ngoma Tom Skinner nyuma yake. Huyu katoka Sons of Kemet, kundi la jazi, na anapiga ngoma kwa wepesi ambao Radiohead hawana: anaacha nafasi, anachelewa kidogo, mwili unacheza wenyewe. Nilinuna, lakini nikairudia. Na tuseme ukweli, Radiohead walikuwa hawajatoa albamu tangu 2016. Mwenye njaa haulizi sufuria ni ya nani.

Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tatu, maana sauti ya Yorke ikianza kulalama juu ya vinanda bado nasahau nasikiliza bendi gani.

Muuzaji hana nyota. Juzi kanitumia ujumbe nimpe maoni mazuri, atanipunguzia bei ya santuri ijayo. Maoni ndiyo haya, na pesa yangu naitaka yote.