Ayodini ya kidonda: kagua mdomo wa chupa kabla hujauliza bei

Tangu niandike kuhusu sanduku la huduma ya kwanza la nyumbani, malalamiko yanayonifikia kwa wingi ni ya ayodini. Dada mmoja alinitumia picha ya mkoba wa shule uliolowa kahawia mpaka madaftari ya mwanawe hayasomeki. Mwingine alilalamika kwamba kidonda cha mguuni cha mumewe kinatoa usaha ingawa anakipaka kila siku. Nikamwomba picha ya chupa. Shingoni kulikuwa na ukoko mweusi, na nyuzi za pamba zimegandia humo humo. Wote wawili waliniuliza habari za asilimia, kampuni na bei. Mdomo wa chupa hakuna aliyeugusia, na kwangu mimi hapo ndipo ununuzi unapoanzia.

Chupa nzuri ya ayodini ukiifungua kifuniko hukuti shimo wazi. Unakuta kizibo kidogo cha plastiki kilichobanwa mdomoni, kina tundu dogo katikati. Ukiinamisha, dawa inashuka tone kwa tone juu ya gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, na hakuna kitu kinachogusa mdomo. Chupa mbaya imeachwa wazi kama ya soda. Mtu anaweka pamba mdomoni, anapindua, anafuta kidonda, kisha pamba ile ile inarudi mdomoni kuongezewa dawa. Damu na usaha vinaingia ndani. Watu hujipa moyo kwamba ayodini inaua vijidudu, basi haiwezi kuchafuka. Inachafuka. Mwaka 1980 huko Marekani ilibainika kwamba povidoni-ayodini, ile ayodini ya maji ya kahawia tunayopaka vidonda, iliyokuwa ikitumika hospitalini ilikuwa na bakteria hai ndani yake, aina iliyojulikana wakati huo kama Pseudomonas cepacia, na uchafu huo ulitokea kiwandani. Sasa fikiria chupa inayochovywa kila jioni na watu wanne wa nyumba moja.

Dukani huwezi kuvunja lakiri, kwa hiyo angalia umbo. Kifuniko chembamba kilichochongoka juu mara nyingi kina kizibo cha matone chini yake. Kifuniko kipana na bapa kinanitia shaka. Muulize muuzaji waziwazi, na asipojua, nenda duka lingine.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni Betadine, jina la kibiashara la povidoni-ayodini, ile ya maji ya asilimia 10, chupa ndogo ya mililita 15 au 30. Nasema wazi kwamba naipendelea. Chupa zake ndogo nilizotumia zilikuwa na kizibo cha matone, lebo inasomeka, na tarehe ya mwisho haifutiki kwa jasho la vidole. Asilimia 10 hiyo ni ya povidoni-ayodini yote kwa pamoja. Ayodini inayofanya kazi ni kama asilimia 1 tu, na inatosha. Anayekwambia anayo kali zaidi hakusaidii chochote. Na usinunue chupa kubwa kwa sababu mililita zinatoka nafuu. Kidonda cha nyumbani kinahitaji matone, na chupa kubwa itakaa kabatini miaka ikifunguliwa na kila mkono.

Ya pili ni vifuko vya kutumia mara moja, vyenye pamba iliyokwisha lowekwa. Mdomo wa kuchafuka hakuna kabisa. Ukihesabu kwa kidonda kimoja kimoja ni ghali, ila kwa mkoba wa safari, bodaboda au timu ya mpira ya watoto sijaona kinachovishinda.

Ya tatu ni povidoni-ayodini ya asilimia 10 ya kampuni nyingine yoyote iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au na Pharmacy and Poisons Board kwa wenzetu wa Kenya, mradi chupa ina kizibo. Marhamu ya tyubu naiweka ya nne. Inafaa mchubuko mkavu, lakini mdomo wa tyubu usigusishwe kidonda.

Ayodini ya spiriti, ile ya zamani inayochoma mpaka mtoto anakimbia uani, siinunui tena. Spiriti inaumiza nyama iliyo wazi. Na ile ya kupimiwa kwenye kichupa kisicho na lebo, hata wakikupa bure, iache.

Kuna chupa moja zaidi ya kuikwepa, na hapa nina kinyongo. Ipo povidoni-ayodini ya kunawia mikono kabla ya upasuaji, kwa kawaida asilimia 7.5, imeandikwa "scrub". Ina sabuni ndani. Rangi ni ile ile, chupa zinafanana, na duka moja lilitaka kuniuzia kwa maneno kwamba "zote ni ayodini tu". Hiyo ni ya ngozi nzima, haifai kuachwa ndani ya kidonda. Muuzaji wa dawa analipwa ajue tofauti hiyo. Tena duka lile lile lilitaka kuniongezea bei kwa chupa yenye kizibo, eti ni ya "special". Kizibo si pambo, jamani! Ni sehemu ya dawa.

Ukishafika nayo nyumbani, kwanza osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka mpaka mchanga wote utoke. Dondosha dawa kwenye gozi safi, paka juu na pembeni, uiache ikauke ndipo ufunge. Usifunge ikiwa imelowa, wala usiiache ituame chini ya mgongo au kiuno cha mgonjwa aliyelala, ngozi inaungua. Usiichanganye na haidrojeni peroksaidi. Kama tayari una chupa ya mdomo wazi, mimina kidogo kwenye kibakuli kilichochemshwa, na kinachobaki kibakulini kimwage, usikirudishe chupani.

Ayodini inapenya mwilini kupitia kidonda. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, mjamzito na anayenyonyesha waulize daktari kwanza. Kwa mtoto mchanga usiitumie kwa uamuzi wako, hata kitovuni. Fuata alichosema nesi wa kliniki. Moto uliounguza eneo kubwa, jeraha lenye kina au lililochomwa na msumari ni la kituo cha afya, na huko uulizie chanjo ya pepopunda. Mbwa akimng'ata mtu, osha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, paka ayodini, kisha siku hiyo hiyo mpeleke akachanjwe. Ayodini peke yake haimkingi mtu na kichaa cha mbwa.

Wekundu ukisambaa, usaha ukizidi au homa ikipanda, acha kupaka ukisubiri, nenda ukatibiwe. Na ukiuziwa chupa iliyovunjwa lakiri au isiyo na tarehe, irudishe na risiti yako. Wakikataa, waripoti TMDA, kwa sababu chupa hiyo itauzwa kwa mwingine kesho yake asubuhi.