Nanga juu ya matumbawe: uzoefu wangu na safari ya Kisite iliyouzwa kwa jina la kijiji

Naandika kuhusu safari ya boti ya kwenda Kisite, hifadhi ya bahari iliyo kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ambayo mimi na dada yangu pamoja na watoto wetu watatu tuliinunua katika msimu wa kaskazi uliopita. Bei, saa ya kuondoka na vyakula vinavyoandaliwa sitavieleza, kwa sababu kila anayetaka kuvijua atavipata kwa urahisi. Jina la kampuni nalo nimeliacha makusudi, kwa kuwa wao wenyewe nimewaandikia na wanajua walichokifanya. Ninalotaka kueleza ni tukio moja ambalo halikuchukua hata dakika kumi, lakini mpaka leo nikilikumbuka moyo unanichafuka.

Nianze na sababu iliyotufanya tuwachague. Boti zinazopeleka wageni Kisite kutoka Shimoni ni nyingi, lakini hawa walijitangaza kwa namna ya pekee. Walisema kwamba safari yao ni ya kijamii, kwamba sehemu ya nauli inabaki kijijini, kwamba mwongozaji wao ni mwenyeji wa kisiwa cha Wasini, na kwamba kila abiria anayepanda boti yao anasaidia kuyatunza matumbawe. Maneno hayo yalinigusa kwa sababu nilikwisha kuona kwa macho yangu kwamba jambo kama hilo linawezekana. Miaka michache nyuma nilikwenda Gazi, huko huko Kwale, ambako wanakijiji hutunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, uliozinduliwa mwaka 2013, na fedha wanazolipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko hiyo zimesaidia maji na shule za kijiji. Akina mama wa pale wana njia ya mbao inayokatiza katikati ya mikoko, na mama aliyetutembeza alikuwa akitaja kila mti kwa jina lake, mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, muia, kama mtu anayekutambulisha kwa jamaa zake. Kwa hiyo niliposoma neno “kijamii” kwenye tangazo la safari ya Kisite, sikuuliza swali hata moja. Nililipa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa njema, na sitaki hasira inifanye niseme uongo. Bahari ilikuwa shwari, pomboo walituandama kwa muda upande wa kulia wa boti, na watoto walishangilia mpaka sauti zikawakauka. Aliyenifurahisha kuliko vyote ni kijana wa Wasini aliyekuwa mwongozaji wetu. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo meupe, na binti yangu alipomuuliza yametoka wapi, alieleza kwamba yeye ni mmoja wa vijana wanaopanda matumbawe. Vipande vilivyovunjika, alisema, huokotwa chini, hufungwa kimoja kimoja kwenye vyuma au kwenye saruji, kisha huachwa vishike. Lakini kila baada ya muda ni lazima mtu azame avisugue kwa mswaki, la sivyo mwani huvifunika vikafa. Aliwaonyesha watoto kwa kidole jinsi anavyosugua, taratibu sana, kama anayemsafisha mtoto mchanga ufizi. Kwangu mimi dakika zile zilitosha kulipia safari nzima, na kama tungegeuza boti hapo hapo ningerudi nyumbani nikiwasifu.

Tulipofika mwambani tulizikuta boti tatu zimekwisha kufungwa kwenye maboya, na maboya mawili yalikuwa tupu, lililo karibu likiwa kama hatua mia moja kutoka tulipokuwa. Maboya hayo yamewekwa ili vyombo visishushe nanga juu ya matumbawe, na hakuna nahodha wa sehemu ile asiyejua hivyo. Nahodha wetu hakulifuata boya. Alizima mashine mahali ambapo maji yalikuwa yamepwa na matumbawe yanaonekana waziwazi, mengine ya hudhurungi na mengine ya zambarau, akamwashiria baharia wake, na baharia akaitupa nanga. Mnyororo ulikwaruza ukingo wa boti ukishuka kwa kasi. Mkondo ukaisukuma boti, mnyororo ukakazana, nanga ikaburuzika kabla ya kushika, na maji yaliyokuwa kama kioo yakaingiwa na wingu jeupe lililozidi kutanda kila nanga ilipovutwa.

Kijana alisimama. “Ami,” alimwambia nahodha kwa adabu, “hapa chini ni matumbawe hai. Boya lile pale halina chombo.”

Nahodha hakumtazama hata usoni. Alijibu kwa sauti ambayo kila abiria aliisikia: “Wewe umeletwa hapa kugawa miwani. Kazi yangu usinifundishe.”

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema tena, “Ami, naomba tuinue tu.” Hapo ndipo nahodha alipomgeukia na kumwambia kwamba akitaka kuwa askari wa bahari akatafute kazi kwingine, kwani vijana wanaoitaka nafasi yake wamejaa gatini Shimoni. Mimi nikaingilia. Nilisema kwamba kijana anasema kweli na kwamba sisi abiria hatuna haraka, tunaweza kungoja boti ifungwe kwenye boya. Nikajibiwa, “Mama, wewe ni mgeni, starehe na watoto wako. Haya ni mambo yetu.”

Mambo yao! Mimi nilikuwa nimelipia safari ambayo iliniahidi kwamba mambo hayo ndiyo niliyokwenda kuyasaidia.

Kijana hakubishana tena. Alivua fulana, akavaa miwani, akajitosa. Kutoka juu tulimwona akiishika nanga kwa mikono miwili, akiinyanyua bila kuiburuza na kuipitisha juu ya matumbawe kuelekea kwenye mchanga. Alipanda mara mbili kuvuta pumzi, akashuka tena, mpaka akaitua. Aliporudi botini alianza kutugawia miwani mmoja mmoja, akimuuliza kila mtu kama mpira wa kupumulia umekaa sawasawa mdomoni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Binti yangu alimwambia, “Asante, kaka,” naye akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

Nilipoingia majini sikwenda kuwatazama samaki. Nilikwenda moja kwa moja pale nanga ilipopita. Kulikuwa na tumbawe la matawi lililovunjika katikati, na pale lilipokatikia palikuwa peupe kama nazi iliyovunjwa sasa hivi. Pembeni yake palikuwa na mfuo uliochimbika juu ya jiwe kubwa la mviringo, mrefu kuliko mkono wangu. Samaki wadogo waliokuwa wakiishi katika matawi yale walikuwa wanazunguka juu ya vipande, wanaingia na kutoka mahali ambapo hapana tena mlango.

Kwa asiyejua, naomba nieleze kwa nini jambo hili si dogo. Matumbawe ya matawi, yakiwa katika hali nzuri kabisa, hukua takriban sentimita 10 kwa mwaka, na yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita 1 tu, kwa hiyo jiwe lenye upana wa meza ya chakula huenda lilianza kukua kabla hata ya bibi zetu kuzaliwa. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe ya pwani yetu yakapauka na mengi yakafa, na joto kama hilo lilirudi mwaka 2016. Tunayoyaona leo ni yale yaliyonusurika na yale yaliyoota upya juu ya maiti za wenzao. Joto la bahari hakuna nahodha awezaye kulizuia, lakini nanga iko mkononi mwake, na boya lilikuwa mbele ya macho yake.

Lililoniuma zaidi, hata hivyo, si matumbawe peke yake. Kisite imekuwa hifadhi tangu miaka ya 1970, na ndani ya kilomita zake za mraba 28 ni marufuku kuvua, ingawa Mpunguti, jirani yake, inaruhusu uvuvi wa kienyeji. Maana yake ni kwamba watu wa Wasini, Mkwiro na Shimoni, ambao bahari ndiyo shamba lao, wamezuiwa kulima sehemu ya shamba hilo, na walichobakiwa nacho badala yake ni wageni. Mvuvi wa Wasini akishusha mshipi pale atakamatwa, na ni haki akamatwe kwa kuwa ndiyo sheria. Basi inakuwaje mtu ashushe nanga pale pale, amtishe kwa kazi yake kijana anayemkumbusha kwa heshima, halafu alipwe kwa kufanya hivyo, tena alipwe zaidi kwa kuwa ameandika jina la kijiji kwenye tangazo lake?

Chakula cha mchana sikukionja vizuri, na siwezi kukihukumu. Baada ya hapo tulitembezwa kwenye bustani ya matumbawe ya kale kisiwani Wasini, ambako akina mama wa kisiwa wana njia yao ya mbao. Hapo ndipo penye kustahili sifa zote ninazoweza kutoa. Mawe yamesimama wima kama watu waliogandishwa wakiwa katikati ya mazungumzo, chini yake kuna tope linalofunikwa na bahari wakati wa bamvua, na mikoko imejishika kandokando. Ubao mmoja ulikuwa mpya, bado unanukia, na mama aliyekuwa akipokea kiingilio alituambia kwamba wameubadilisha kwa fedha zao wenyewe, na kwamba kinachobaki husaidia karo za watoto.

Nilimsimulia mama yule habari ya nanga, nikitarajia akasirike pamoja nami. Hakukasirika. Alitazama pembeni, akahakikisha kwamba nahodha hayuko karibu, akasema kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hao ndio wanaotuletea wageni. Tukigombana nao, kesho boti itapita, haitatua hapa.”

Maneno yake yameniharibia hukumu niliyokuwa nimeiandaa. Nilikusudia kumwambia kila mtu asiende Kisite mpaka mambo yarekebishwe. Lakini nikisema hivyo, atakayekosa riziki kwanza ni mama yule na ubao wake mpya, na baada yake kijana mwenye makovu vidoleni. Kampuni itapeleka boti zake mahali pengine. Dada yangu naye, ambaye ana moyo wa subira kuliko mimi, anasema labda nahodha alikuwa anakimbizana na saa ya chakula aliyopangiwa na wenye boti, na kwamba tumpe udhuru. Nilikubaliana naye siku nzima. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyempangia maneno aliyomwambia kijana, na kwamba kulifikia boya lile kungechukua muda mfupi kuliko ule alioutumia kumfokea. Udhuru nimeuondoa.

Basi nendeni Kisite, lakini msiende kama nilivyokwenda mimi. Mkifika Shimoni au Wasini, wako wenyeji wenye boti zao wenyewe, na kamati za ufuo ziitwazo BMU, ambazo ni vikundi vya wavuvi na wenyeji vinavyosimamia ufuo, zinaweza kukuelekezeni kwao. Mtakayempata, mwulizeni kabla ya kulipa boti itafungwa wapi, na mwongozaji akiona kosa ana ruhusa ya kulisema au hana. Swali hilo la pili ndilo ambalo mimi sikuliuliza. Na mkiona nanga inashushwa mwambani penye boya, msikubali kuambiwa kwamba nyinyi ni wageni. Mwambieni nahodha hapo hapo, na mkirudi nchi kavu waambieni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya linalosimamia hifadhi hiyo, kwa sababu nyinyi mtarudi makwenu bila kupoteza kitu, ilhali kijana wa kisiwani akisema anaweza kupoteza kazi.

Kampuni imenijibu. Barua yao ni ya upole, inasema kwamba wanajali sana mazingira, na wamenipa punguzo la safari nyingine nikitaka kurudi. Kuhusu kijana hawakuandika hata sentensi moja. Nimewajibu kwamba punguzo silitaki wala nauli yangu siidai. Ninachodai ni kwamba nahodha yule, ndani ya boti ile ile na mbele ya abiria watakaokuwamo, amwombe kijana radhi kwa sauti ile ile aliyomfokea nayo, kisha aende akafunge boti kwenye boya. Wakilifanya hilo nitarudi kuandika hapa kwamba wamelifanya, na nitawasifu bila kubakiza neno. Mpaka naandika haya hawajanijibu tena.