Kubadili zumu ya kwanza: nani anunue sasa, nani asubiri

Anayeanza kupiga picha huku Kanda ya Ziwa kwa kawaida huwa na lenzi mbili: ile fupi ya 18-55mm iliyokuja na kamera, na zumu moja ndefu aliyoipata kwa bei nafuu, mara nyingi Canon EF 75-300mm f/4-5.6 III. Baada ya miezi michache malalamiko ni yaleyale. Furukombe aliyetua mtini kisiwani Saanane katoka na ukungu, mchezaji pale uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, hana sura, bwana harusi ukumbini kajaa chembechembe. Hapo mtu anaanza kuuliza anunue lenzi gani, kabla hajajua ya sasa ina kosa gani.

Picha yenye ukungu ina vyanzo vinne: mkono uliotikisika, kitu kilichosogea, hewa ya moto iliyo kati yako na hicho kitu, na lenzi yenyewe. Lenzi mpya inatibu cha mwisho na kupunguza cha kwanza. Cha pili kinataka shata ya haraka (pazia la kamera lifunguke kwa muda mfupi tu), na hiyo inadai mwanga mwingi zaidi. Cha tatu hakina lenzi ya kukiponya. Kwa hiyo pima kwanza.

Jaribio la nusu saa

Bandika ukurasa wa gazeti kwenye ukuta wa nje asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali. Weka kamera mezani, mita 6 hivi kutoka ukutani. Kama huna tripodi, ilaze juu ya mfuko wa mchele wa kilo mbili, lenzi izame kidogo isiyumbe. Zima kitulizo cha mtikisiko kama kipo (swichi ya IS kwa Canon, VR kwa Nikon). Weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, taima ya sekunde 2, na ufanye fokasi kwa kutumia kioo (skrini) cha nyuma, si tundu la kuchungulia. Vuta zumu hadi mwisho, piga kwa f/5.6, kisha f/8, kisha f/11 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Rudisha zumu hadi 200mm, urudie. Halafu washa tena kitulizo kama kipo, ishike kamera mkononi, vuta hadi mwisho, na piga picha tatu tatu kwa shata ya 1/125, 1/250, 1/500 na 1/1000. Zifungue kwenye kompyuta, kuza hadi asilimia 100, na usome herufi ndogo za gazeti.

Herufi zikisomeka vizuri kwenye picha za mezani lakini zikapotea mkononi kwa 1/125 na 1/250, lenzi yako haina kosa. Chukua urefu wa lenzi (namba ya mm), zidisha kwa 1.6 kwa Canon zenye sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea picha) au 1.5 kwa Nikon za aina hiyo, upate shata yako ya chini: 300 mara 1.6 ni 480, kwa hiyo bila kitulizo usishuke chini ya 1/500. Ukiwa ndani ya boti anzia 1/1000, maana boti haitulii hata ziwa likiwa shwari. Ndege anayeruka anataka 1/1600 au zaidi, na hapo kitulizo hakisaidii kumgandisha, kwa sababu kinazuia mtikisiko wa mkono wako, si mwendo wa mbawa.

Picha za mezani zikiwa hafifu kwa f/5.6 lakini safi kwa f/8, hiyo ndiyo tabia ya 75-300 III ikivutwa hadi mwisho. Mchana inavumilika: baki kwenye f/8, usivute kupita 250mm, pandisha ISO hadi 400 au 800. Zikiwa hafifu hata kwa 200mm na f/8, kuna kioo cha lenzi kilichohama au fangasi ndani. Na kama za kioo cha nyuma ni kali ila za tundu la kuchungulia zina ukungu, fokasi imepotoka. Kamera kama Canon 7D, 70D na 80D au Nikon D7000 zina menyu ya kuisahihisha, lakini zile ndogo kama 1200D hazina, hivyo ni kazi ya fundi.

Upande wa hewa, wa ziwani mna faida na hasara. Mawe ya Capri Point na Jiwe la Bismarck yakishapata moto, hewa juu yake hucheza, na hata zumu ya bei ya pikipiki itatoa picha inayoyumba. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Kwa kuwa ghuba ya Mwanza iko magharibi mwa mji, jua la asubuhi linatoka nyuma yako na kuangaza upande wa maji, wakati jioni linakukabili na kuacha kila kitu kivuli kitupu.

Urefu unaoulipia unaongeza kiasi gani?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Furukombe ana kimo cha takriban sentimita 70. Kwenye kamera ya Canon yenye sensa ya milimita 22.3 kwa 14.9, akiwa mita 30 mbele ya lenzi ya 250mm, anajaza karibu asilimia 39 ya kimo cha picha. Kwa 300mm anafika asilimia 47. Tofauti hiyo ni sawa na kusogea kutoka mita 30 hadi mita 25, jambo ambalo nahodha wa boti analifanya kwa kusukuma kasia mara chache. Akiwa mita 100, 300mm inampa asilimia 14 tu, na 600mm asilimia 28: bado ni picha ya kukata. Mdiria mwenye urefu wa sentimita 25 akiwa mita 10 kwenye nguzo ya gati anakaa vizuri kwenye 250mm. Usinunue lenzi kwa sababu ya milimita 50 za ziada; nunua kwa sababu ya kitulizo, mota ya fokasi au mwanga.

Mpangilio wetu

*La kwanza: baki na uliyo nayo*, ikiwa tayari ina IS au VR na imefaulu jaribio la mezani. Mwenye Canon 55-250mm IS au Nikon 55-200mm VR asibadili kwa ajili ya ndege na mandhari. Pesa hiyo inunue hudi ya lenzi (kofia ya kukinga mwanga wa pembeni), monopodi (stendi ya mguu mmoja), na safari mbili tatu za Saanane, ambako pimbi hukuacha umkaribie hadi hata zumu fupi inatosha.

*La pili: Canon EF-S 55-250mm f/4-5.6 IS STM.* Kwa mwenye 75-300 hili ndilo badiliko lenye maana kuliko yote kwa pesa inayotoka, na kama tungeruhusiwa kutaja lenzi moja tu, tungetaja hii. Ina uzito wa gramu 375 dhidi ya 480 za 75-300, inafanya fokasi kimya na haraka, inakaribia hadi sentimita 85 wakati ile inaishia mita 1.5, na kitulizo chake kinakuruhusu kushuka hadi 1/125 kwa kitu kilichotulia. Kuna jambo jingine ambalo watu wa maji wataliona mara moja: sehemu ya mbele ya 75-300 huzunguka wakati wa fokasi, hivyo filta ya polaraiza inageuka kila unapolenga. Kwenye 55-250 STM haizunguki. Polaraiza ndiyo inayoondoa mng'ao wa maji ukaona samaki na rangi ya mtumbwi, ingawa inakula nusu ya mwanga au zaidi. Kasoro zake ni mbili. Sehemu yake inayojifunga kwenye kamera ni ya plastiki, na haiingii kwenye Canon za sensa kubwa kama 6D au 5D. Soma herufi STM kwa makini pia, maana matoleo ya zamani ya 55-250 IS yana mota ya polepole.

Kwa Nikon nafasi hii ni ya AF-P DX 70-300mm f/4.5-6.3G VR, gramu 415. Ina pacha asiye na VR mwenye jina karibu lilelile. Muuzaji asipokuonyesha herufi VR kwenye lenzi, iache. Tena AF-P haifanyi fokasi kwenye kamera za zamani kama D90, D3000, D3100 na D5100. Na ile AF 70-300mm f/4-5.6G ya zamani haina mota ndani, kwa hiyo kwenye D3000 na D5000 na ndugu zao utazungusha fokasi kwa mkono.

*La tatu: Canon EF 70-300mm f/4-5.6 IS II USM.* Ilitoka mwaka 2016 kwa dola 549 za Marekani, ina gramu 710, fokasi yake ni ya haraka kweli, na inaingia kwenye sensa kubwa. Inamfaa anayefuata mpira au anayepanga kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka mara kwa mara. Kwa picha za kutulia, tofauti yake na 55-250 STM ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

*La nne: lenzi za mwanga mwingi.* Ukilipwa kwa harusi, ibada na sherehe za ukumbini, hakuna zumu ya f/5.6 itakayokuokoa. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II inafanya kazi hiyo, lakini ni karibu kilo moja na nusu na bei yake si ya anayeanza. 70-200mm f/4L isiyo na IS hupatikana kwa nafuu ikiwa imetumika, ila inaongeza mwanga mara mbili tu. Kabla ya zote mbili fikiria Canon EF 85mm f/1.8 USM: haivuti, lakini inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na ukumbini unaweza kutembea.

*La mwisho: Sigma au Tamron 150-600mm.* Ni nzuri, lakini zina uzito wa kilo mbili hivi, zinataka shata ya 1/1000, na joto la hewa linaonekana zaidi. Ngoja hadi ndege wawe kazi yako.

Usinunue kabisa zile 420-800mm za bei ya kutupa zisizo na fokasi ya moja kwa moja, zinazoanzia f/8.3, wala kiongezeo cha mara mbili: kinageuza f/5.6 kuwa f/11, na kamera ya kuanzia hupoteza fokasi.

Wenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo ndani kama R50, R10 au R100 waangalie RF 75-300mm iliyotoka 2025. Haina kitulizo, na bodi hizo hazina pia. RF 100-400mm f/5.6-8 IS ya gramu 635 ni bora zaidi mchana. Au nunua adapta ya EF-EOS R na uendelee na 55-250 STM. Fokasi na kitulizo vyote hufanya kazi.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na kamera yako. Mulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi kwa ubavu: vumbi la chembe chache si tatizo, nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, rudisha. Zungusha zumu ukisikiliza. Ikikwaruza kuna mchanga. Washa IS, bonyeza shata nusu, picha ndani ya tundu la kuchungulia inapaswa kutulia ghafla. Piga kwa f/5.6, f/11 na f/22: kamera ikiandika Err 01, safisha viunganishi vya metali nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu, ikirudia waya wa ndani umechoka. Mwisho piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sawa nao, ulinganishe pembe nne. Moja ikiwa na ukungu peke yake, lenzi iliwahi kuanguka.

Ukifika nayo nyumbani usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini. Unyevu wa ziwani huzalisha fangasi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na pakiti kadhaa za silika (chembe za kunyonya unyevu), na ukitoka mvuani iache nje ikauke saa chache kabla ya kufunika. Silika zenye rangi zikibadilika, zikaushe kwa moto mdogo, zikipoa uzirudishe.