Uzoefu wangu: jioni ya moteti za Bruckner mjini Linz

Nimetoa nyota nne kati ya tano. Kwaya ingekuwa peke yake ningeipa zote tano bila kusita. Hiyo moja nimewakata waandaaji, na sababu nitaieleza.

Mimi ni mwanakwaya, sauti ya besi. Nimeimba parokiani kwetu Morogoro tangu nikiwa kidato cha pili hadi nilipokuja Austria kusoma. Kwa hiyo nilipoona tangazo la moteti, yaani nyimbo fupi za kwaya za kanisa zenye maneno ya Kilatini, za mtunzi wa Austria Anton Bruckner, tena Linz, mji ambao aliwahi kupigia kinanda cha kanisa kuu kwa zaidi ya miaka kumi, nilikata tiketi siku hiyo hiyo. Treni kutoka Vienna ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Njiani nilisikiliza rekodi ya moteti hizo ya kwaya ya Corydon Singers chini ya mwongozaji Matthew Best, ili masikio yafike yakiwa yameshaamka.

Nilifika mapema makusudi, nipite kwanza kanisa kuu jipya, Mariendom. Namshauri kila atakayekwenda afanye hivyo, maana pale ndipo Locus iste ("mahali hapa"), mojawapo ya moteti hizo, unapoeleweka. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1862 na jengo zima likakamilika 1924. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1869, kikanisa cha pembeni kilikuwa tayari, wakakitabaruku. Misa ya Bruckner ya ufunguo wa E mdogo (E minor) iliimbwa siku ya ibada hiyo, nje, kwenye eneo la ujenzi, ndiyo maana inasindikizwa na vyombo vya kupuliza tu, hakuna fidla hata moja. Locus iste aliutunga mwaka huo huo kwa ajili ya kikanisa kile, ukaimbwa mwezi uliofuata. Maneno yake ni ya sherehe ya kutabaruku: mahali hapa pamefanywa na Mungu, ni fumbo lisilokadirika, halina lawama. Mimi nimekulia kwenye parokia iliyojengwa kwa michango, awamu kwa awamu, tukisali chini ya mabati huku kuta zikipanda. Nilisimama pale kwenye kikanisa nikaona wazi wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya watu kama sisi, waliokuwa na chumba kimoja tu kilichoezekwa na kanisa zima mbele yao bado ni ramani.

Sasa tamasha lenyewe. Lilikuwa katika kanisa la zamani la mjini, si kubwa sana, waimbaji ishirini na wanne, bila kinanda. Na hapa ndipo nyota ilipoanguka. Tiketi yangu iliandikwa kwamba kiti kina mwonekano mzuri, kumbe kiko nyuma ya nguzo nene kama mbuyu. Mwongozaji nilimwona mkono wa kushoto tu. Karatasi ya maneno ilikuwa ya Kilatini na Kijerumani kwa herufi ndogo mno, na taa zikazimwa. Maneno mengi nayajua kutoka nyumbani, lakini kijana aliyekaa karibu nami aliniuliza kwa kunong'ona, "Wanasema nini?" karibu kila wimbo. Mtu amelipa euro ishirini na mbili, ana haki ya kujua kinachoimbwa. Uwezekano wa kuona ungetajwa kwa ukweli, ningeongeza hela nikae mbele.

Wakaanza na Ave Maria ya 1861, ya sauti saba. Wanawake wanatangulia, wanaume wanapokea, halafu wote wanakutana kwenye jina la Yesu, na jina hilo linatajwa mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Mara ya kwanza walilitaja kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilisikia benchi la mbele likilia mtu alipojisogeza. Mara ya tatu sauti ilijaa hadi kwenye dari. Kati ya hizo mbili sikusikia mahali popote ambapo mtu alikanyaga mafuta. Walipanda tu, kama maji yanavyojaa kwenye ndoo.

Os justi, ya mwaka 1879, ndiyo pekee ambayo sikukubaliana nao. Bruckner aliitunga kwa ajili ya Ignaz Traumihler, aliyeongoza kwaya kwenye monasteri ya St. Florian, na aliitunga bila shapu wala flati hata moja, kana kwamba amejifungia kwenye vitufe vyeupe vya kinanda. Traumihler alikuwa mfuasi wa vuguvugu la Mtakatifu Sesilia, waliotaka muziki wa kanisa urudi kwenye usafi wa zamani. (Kwetu kwaya za Mtakatifu Sesilia hazihesabiki, ila ni nadra kusikia habari za vuguvugu hilo.) Wimbo wa namna hiyo unataka utulivu. Wao sehemu ya katikati waliikimbiza, sauti zikawa zinafukuzana badala ya kupokezana.

Christus factus est walinimaliza. Haya ni maneno ya Wafilipi, Kristo alijinyenyekeza akawa mtii hata mauti, ambayo tunayaimba kila Juma Kuu. Linapofika lile jina lipitalo kila jina, kwaya yote ilisimama juu kabisa, kisha ikaanza kushuka taratibu mpaka nikawa sijui kama bado wanaimba au ni ukuta unaimba. Virga Jesse nayo ilikuwa nzuri, ila akili yangu ilikuwa bado kwenye wimbo uliopita.

Locus iste waliuweka mwisho. Ni mfupi, hauzidi dakika tatu na nusu, na kwaya nyingi huuchukulia kama wimbo rahisi. Sikiliza besi. Ndio wanaoubeba mwanzo, wanaweka msingi kama mafundi. Halafu panapofika neno irreprehensibilis, lile la "halina lawama", besi wananyamaza kabisa, teno wanaongoza, na alto na soprano wanasogea juu yao nusu hatua kwa nusu hatua. Kanisa linabaki bila sakafu. Besi wale walikaa kimya bila hata kukohoa, na waliporudi waliingia laini, kana kwamba hawakuwahi kutoka.

Kisha karibu na mwisho kuna pumziko refu la sauti zote. Nimeimba kwaya miaka kumi na moja na najua tunavyoogopa ukimya. Mpiga kinanda hujaza, mwalimu huharakisha, mtu huanza kabla ya wakati. Kutoka nyuma ya nguzo yangu niliuona ule mkono wa kushoto wa mwongozaji umesimama hewani, vidole vimefunguka, hautikisiki. Sauti ya mwisho ilizunguka ile dari, ikapungua, ikaisha. Ndipo akaushusha, wakaimba ile sentensi ya mwisho kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Kwa anayetaka kwenda: kaa mbele, chapisha maneno na tafsiri yake kabla, na vaa koti, makanisa ya huku ni ya baridi hata mwezi wa tano.

Usiku huo, nikiwa kwenye treni ya kurudi, nilimtumia mwalimu wetu wa kwaya ujumbe wa sauti nikimweleza yote. Akajibu asubuhi: "Mwanangu, tutafutie nota. Kigango chetu kinatabarukiwa mwakani." Nota ziko mtandaoni bure, kwa kuwa haki za mtunzi zilishakwisha zamani. Nimeshaanza kuzigeuza kuwa solfa. Sauti ya besi imekamilika, na pale kwenye pumziko nimeandika kwa wino mwekundu: mikono ya Mwalimu tu, asianze mtu.