Speak No Evil ya 2024 imeogopa giza la ile ya kwanza

Muvi za mizimu na damu za kurushwa ukutani hazinishiki. Ninazozipenda ni zile nzito, zinazohusu giza la binadamu mwenyewe, ambazo zikiisha hutaki kuongea na mtu. Msimu huu wa baridi hapa Uyole, Mbeya, watu wakijifungia ndani mapema na mablanketi yao, nimeangalia kadhaa. Iliyonikaa moyoni kuliko zote ni Speak No Evil ya Denmark, ya mwaka 2022. Iliyoniudhi kuliko zote ni hiyohiyo, ilivyotengenezwa upya mwaka 2024. Kama hujaziona na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa, kwa maana ugomvi wangu uko mwishoni kabisa mwa hadithi.

Familia ya Kidenmark, baba, mama na binti yao mdogo, iko likizo Italia. Inakutana na familia ya Kiholanzi, watu wachangamfu, wenye mtoto wa kiume asiyeongea. Baadaye Waholanzi wanatuma mwaliko: njooni kwetu wikiendi moja. Mwongozaji Christian Tafdrup, aliyeiandika pamoja na ndugu yake Mads, alipata wazo hilo kutokana na jambo lililomtokea. Alikutana na Waholanzi likizoni Tuscany, wakamwalika, akakataa kwenda. Muvi inauliza ingekuwaje kama angekwenda.

Wageni wakifika, visa vinaanza, vidogo vidogo. Mama hali nyama, mwenyeji anamsogezea nyama mdomoni mpaka anaionja. Wanatolewa kwenda kula mgahawani, bili inamwangukia mgeni. Mtoto wa wenyeji anafokewa mbele ya watu hadi wageni hawajui waangalie wapi. Kila kisa kikiwa peke yake unaweza kukimeza, na wao wanameza. Usiku mmoja wanaondoka kimyakimya. Wako njiani, wamepona, ndipo binti anakumbuka kisungura chake cha kuchezea, na baba anageuza gari. Hapo nilimpigia kelele kwenye runinga kama mpira vile.

Nadhani muvi hii inatuingia sisi kuliko hata wenyewe waliotengeneza. Tumelelewa kwamba mgeni hachagui chakula na haoneshi uso uliokunjamana kwa watu. Mimi ni Mhehe wa Iringa niliyehamia Mbeya, na ninaifahamu ile hali ya kukaa sebuleni kwa watu, wenyeji wakahamia Kinyakyusa, wakacheka, nawe unatabasamu bila kujua kimechekwa nini. Wenyeji wangu walikuwa watu wema kabisa. Lakini kwenye muvi Waholanzi nao wanageukia lugha yao, wageni wanabaki na tabasamu lilelile, na muziki mzito wa kutisha unapigwa juu ya picha za kawaida kabisa, tangu kule likizoni kwenye jua. Niliminya mto mpaka vidole vikauma.

Kisha unakuja mwisho. Hawapigani. Binti anakatwa ulimi na kuchukuliwa, wazazi wanavuliwa nguo na kupigwa mawe hadi kufa. Baba akiuliza kwa nini mnatufanyia hivi, anajibiwa kwamba ni kwa sababu wao wenyewe waliruhusu. Sijawahi kusikia jibu baya kama hilo kwenye muvi yoyote. Kila kisa ulichokiona kidogo kinarudi kukudai.

Sasa njoo kwenye ile ya 2024, iliyoongozwa na James Watkins. Wageni ni Wamarekani wanaoishi London, wenyeji wako Devon, Uingereza. Nitasema haki: James McAvoy kama mwenyeji ameiva. Anacheka huku macho hayacheki, na nusu ya kwanza inatazamika vizuri, ingawa matukio mengi yamefuatwa karibu yalivyokuwa. Tangazo lake lilikuwa limeanika karibu kila kitu, siri ya kwa nini mtoto wa wenyeji haongei ikiwemo, lakini hata hilo ningelisamehe.

Nisichosamehe ni kwamba walifika mlangoni pa giza wakaogopa kuingia. Wote wanaongea Kiingereza, kwa hiyo ule upweke wa lugha umepotea. Halafu nusu ya pili wageni wanapata ujasiri, kunakuwa na mbio, mapigano, watu juu ya paa, na mwishowe familia inaokoka na kuondoka na yule mtoto wa kiume asiyeongea. Hata jiwe limebadilishwa mkono: kule lilitumika kuwaua wazazi, huku mtoto huyo anamponda nalo adui. Vijana wanaoingiza muvi kwenye flashi pale Mwanjelwa wana msemo wa tangu enzi za mikanda ya VHS, steringi hafi, yaani shujaa wa muvi hauawi. Kwenye muvi za ngumi sheria hiyo ni tamu. Hapa imeua hadithi, kwa sababu hadithi yote ilikuwa inahusu watu ambao adabu iliwafunga mikono hadi wakafa. Ukiwafungua mikono, zile dakika zote za kumeza maudhi zilikuwa za nini?

Dada yangu, tuliyeangalia naye zote mbili, anaipenda ya 2024. Anasema ametoka na moyo mwepesi. Namwelewa, ila mimi sikuikalia muvi hii nitafute moyo mwepesi.

Kama unataka nzito iliyotengenezwa Marekani na haikuogopa, angalia Prisoners ya Denis Villeneuve, ya 2013. Mabinti wawili wanapotea siku ya sikukuu, na baba mmoja, Hugh Jackman, anamfungia kijana anayemshuku na kumtesa. Ni ndefu, saa mbili na nusu, mvua na ukungu mwanzo mwisho, na hupewi nafasi ya kumpenda baba huyo wala kumchukia. Inakatika ghafla kwenye sauti ya filimbi, nami niliona ilivyofaa.

Usiziangalie hizi na watoto, na ya Denmark usiiangalie siku ambayo kesho yake unakwenda kulala ugenini. Anza na ya 2022, hata kama maandishi ya chini yanakuchosha. Ninayoitafuta sasa ni Spoorloos ya Uholanzi, ya 1988, ambayo mwongozaji wake mwenyewe, George Sluizer, aliirudia Marekani mwaka 1993 na kuubadilisha mwisho. Mwenye nayo ile ya 1988, yenye maandishi ya Kiingereza, hapa Mbeya au Iringa, anijulishe.